Saladi juu ya maji ya Meru: shajara ya banda la Usa River

Januari, wiki ya tatu

Majibu ya maabara ya maji ya kisima, tutakayolimia saladi bila udongo hapa Usa River, Arusha, yamefika. Nimeyabandika ukutani juu ya meza ya kupimia ili kila anayeingia ayasome kabla hajagusa mfuko wa mbolea. pH 8.3. Bikaboneti miligramu 305 kwa lita. Sodiamu 110. Kalsiamu 9 tu. Floraidi 4.1, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5. EC, yaani kipimo cha jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini, kabla hatujatia kitu, 0.6.

Floraidi haikumshtua mtu hapa. Ukikulia kati ya Usa River na Maji ya Chai huhitaji maabara kukwambia, madoa ya meno yanatosha. Kilichonikalisha kitako ni namba za bikaboneti, sodiamu na kalsiamu. Meru ni mlima wa volkano na miamba yake imejaa soda. Maji yanayochuja humo yanatoka na magadi yake, laini kabisa, na kalsiamu karibu hakuna. Ukifulia, sabuni inatoa povu unafurahi. Ukilimia saladi bila udongo, ndiyo kazi inaanza.

Nasema hivi kwa sababu fomula nyingi za virutubisho zinazozunguka mitandaoni zimeandikwa na watu ambao maji yao yana kalsiamu ya kutosha, au ambao wamekwisha kuyachuja chumvi zote. Mtu wa Arusha akizichukua zilivyo, anachanganya gramu kwa gramu, mashine inamwambia EC iko sawa, halafu saladi inaungua ncha na hajui kwa nini. Kabla ya kununua nailoni, kabla ya pampu, kabla hata ya kuchora banda, pima maji. Si pH peke yake. Pima bikaboneti, sodiamu na kalsiamu, na karatasi ile iweke mahali unapoiona.

Mwisho wa Januari

Banda limesimama. Mita 8 kwa 30, juu kuna uwazi wa kutolea joto, pembeni neti ya kuzuia wadudu. Mabwawa mawili ya kuoteshea, kila moja mita 2 kwa 25, kina sentimita 25. Ukijumlisha ni lita 25,000 za maji, na juu yake vinaelea vibao vya povu gumu vyenye matundu, mche mmoja kila tundu.

Tumebishana sana kama tutumie mabwawa au mabomba. Mfumo wa mabomba yenye utando mwembamba wa maji unaopita chini ya mizizi, ambao wengi wanaujua kwa jina la NFT, ulibuniwa na Allen Cooper huko Uingereza katika miaka ya 1960. Ni mfumo mzuri, unatumia maji kidogo, na mizizi inapata hewa ya kutosha. Lakini umeme ukikatika mchana wa Februari, utando ule unakauka upesi na mizizi haina akiba yoyote. Kwenye bwawa, pampu ikizima mmea bado umesimama juu ya maji. Kwa eneo ambalo umeme unakatika bila taarifa, nimechagua bwawa, na kwa hilo sina shaka.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini matangi mawili ya mbolea nzito, A na B, yasiwe moja tu, tuokoe nafasi. Badala ya kumjibu kwa maneno tulichukua glasi ya maji, tukatia kijiko cha mchanganyiko mzito wa kalsiamu naitreti, kisha kijiko cha ule wenye magneziamu salfeti na fosfeti. Maji yakageuka kama tui hapo hapo, na baada ya muda ikatulia chini tope nyeupe. Ile tope ndiyo kalsiamu yetu, imeshikana na salfeti na fosfeti, na hakuna mzizi utakaoinyonya. Ndiyo maana kalsiamu inakaa A pamoja na chuma, vingine vyote vinakaa B, na hukutana bwawani tu, baada ya kila kimoja kuzimuliwa na maji mengi.

Wiki ya kwanza ya Februari

Siku ya tindikali, ya kuua bikaboneti inayopandisha pH. Bikaboneti 305 ni sawa na milikwivalenti 5 kwa lita (kipimo cha uwezo wa kemikali kuungana na nyingine), kwa kuwa kila miligramu 61 ni moja. Tunaacha moja ibaki ili pH isiyumbe, nne tunaziua. Kwa tindikali ya naitriki ya asilimia 60, hiyo ni takriban mililita 310 kwa kila lita 1,000. Kwa mabwawa yote mawili ni karibu lita 8.

Kwa nini naitriki na si fosforiki ambayo ni rahisi kuipata na haitishi sana? Kwa sababu ya wingi. Ukiua nne zote kwa fosforiki unaingiza fosforasi zaidi ya miligramu 120 kwa lita, wakati saladi inatosheka na 30 hadi 50. Naitriki nayo inaleta naitrojeni, miligramu 56 kwa lita kwa kipimo chetu, lakini hiyo unaweza kuiingiza kwenye hesabu. Tumeweka kalsiamu naitreti gramu 800 kwa lita 1,000, ambayo inatoa kalsiamu miligramu 152. Potasiamu naitreti tumeipunguza na sehemu kubwa ya nafasi yake imeshikwa na potasiamu salfeti, ili naitrojeni isizidi.

Miwani, glavu ndefu, upepo ukiwa mgongoni. Tindikali ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Hili tunalisema kwa sauti kila mara, hata kama waliopo ni wale wale wanaolijua.

Baada ya kumimina, bwawa lilitoa vipovu muda mrefu. Ni kaboni dioksidi inayotoka. Ukipima pH papo hapo unapata namba ya uongo, ya chini kuliko ilivyo. Tumeacha pampu za hewa zikoroge usiku kucha, asubuhi tukapima tena na kurekebisha hadi 5.8.

Chuma tumechagua kilichoshikwa na DTPA, kemikali inayokizuia kisigande kabla mzizi haujakinyonya. Kile cha EDTA, kemikali nyingine ya aina hiyo, kinaanza kuachia chuma pH inapopita 6 na kidogo, na kwa maji haya yanayopenda kupanda juu, sitaki kuamka nikute majani machanga ya njano.

Katikati ya Februari

Mbegu. Februari ni joto na saladi ina tabia moja: ukiiweka kwenye joto la juu ya nyuzi 28 au 30, mbegu inalala tu, haioti, hata ukiimwagilia vipi. Trei tumeziweka stoo yenye ukuta wa mawe, palipo na ubaridi, hadi zilipochipua, ndipo zikatoka kwenye mwanga. Aina ni tatu: Romaine, Batavia na Lollo Rossa nyekundu. Zimeota vizuri.

Machi, wiki ya tatu

Nimefungua kichwa cha Batavia leo, jani baada ya jani. Majani ya nje ni safi, kijani cha kupendeza, mtu angeyapiga picha. Ya katikati, yale madogo yaliyokunjana, yana mstari wa kahawia pembeni, umekauka kama milimita 2 au 3 kwenda ndani. Romaine nazo zimeanza. Lollo Rossa hazina kitu, kwa sababu hazifungi kichwa.

Huku ndiko kuungua ncha. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea kwa kufuata maji yanayotoka majani kwa kuvukizwa. Jani la nje linavukiza sana, kwa hiyo linapata. Jani la ndani limefunikwa na wenzake, hewa ya pale imejaa unyevu, halivukizi, basi kalsiamu haifiki hata kama bwawani iko tele. Masika imeanza, hewa yote ya banda ni nzito. Na juu ya hapo, sodiamu yetu inagombania nafasi na kalsiamu kwenye mizizi.

Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ambako mfumo huu wa saladi ya kuelea uliandikiwa mwongozo wa kibiashara wenye lengo la kichwa cha gramu 150 ndani ya siku 35, walishughulika na jambo hili kwa kuweka feni zinazopuliza kutoka juu kwenda chini, moja kwa moja kwenye moyo wa mmea. Wazo ni rahisi: lilazimishe jani la ndani livukize. Tumefunga feni ndogo juu ya bwawa la kwanza, la pili tumeliacha bila feni ili tuone tofauti.

Aprili, wiki ya pili

Tofauti ipo. Bwawa lenye feni, ncha zilizoungua ni chache mno na nyingi ni za pembeni ambako upepo haufiki. Bwawa lisilo na feni bado. Feni nyingine zimeagizwa.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo hasa lililonifanya nianze kuandika shajara hii badala ya kubaki na daftari la namba tu.

EC ya bwawa ilikuwa 1.8. Kwa mashine, safi kabisa. Nikapeleka maji maabara tena, na sodiamu imepanda kutoka 110 hadi 180. Hesabu yake iko wazi. Siku ya jua mabwawa hushuka lita 250 hadi 300, tunajazia maji ya kisima, na kila lita inaingia na sodiamu yake. Mmea unakunywa maji, sodiamu unaiacha. Inabaki, inarundikana. Mashine ya EC haijui chumvi ipi ni ipi, inahesabu zote pamoja. Kwa hiyo ile 1.8 karibu nusu yake ilikuwa magadi, si chakula. Saladi zilikuwa na njaa mbele ya namba nzuri.

Mtu anayetumia maji ya Meru asiiamini EC peke yake. Kila mwezi peleka sampuli, au walau nunua kifaa cha kupimia sodiamu.

Dawa yake imekuwa ikitupigia paa usiku kucha. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu ni mita 240 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Aprili hapa si ajabu, ni lita 4,800, na maji ya mvua hayana sodiamu wala bikaboneti ya kutajika. Tumefunga mifereji ya plastiki pande zote mbili. Fundi alipendekeza ya bati kwa sababu inadumu, lakini bati lina zinki na zinki inayeyukia kwenye maji ya mvua, nayo ikizidi ni sumu kwa mmea. Tangi la lita 10,000 lilijaa kabla ya wiki kwisha, na maji yakaendelea kumwagika kwenye mtaro nikiyaangalia. Hilo liliniuma.

Tumetoa nusu ya maji ya zamani na kuyapeleka kwenye majani ya tembo ya jirani. Mzee alipotuona na mipira akauliza, "Mwanangu, hayo si yana dawa?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hayana dawa, yana mbolea." Akataka yote.

Mei

Nusu mvua, nusu kisima. Bikaboneti ya maji ya kujazia imeshuka hadi karibu 150, tindikali tunayohitaji imepungua zaidi ya nusu, na pH inakaa mahali pake siku kadhaa bila kuguswa. Mizizi ni myeupe, mirefu, ina nywele. Ukiinua kibao unasikia harufu ya maji safi tu.

Soko ndilo limelala. Ni msimu mdogo wa utalii, hoteli nyingi zina wageni wachache na kambi kadhaa za porini zimefungwa. Inasikitisha kwa sababu huu ndio wakati saladi ya shambani inaharibika kwa mvua na ubwiri, na yetu iko safi. Tumeuza soko la Tengeru kwa bei ya chini na nyingine tumepeleka soko la Kilombero, Arusha mjini.

Juni

Umeme ulikatika mchana na haukurudi hadi usiku. Pampu za hewa zina betri ya sola, zikaendelea. Tulipima oksijeni kila saa kwa bwawa moja ambalo tuliliachia pampu zimezimwa kwa makusudi, ili tujue tuna muda gani.

Ni lazima niseme kitu kuhusu oksijeni kwa wanaolima milimani. Majedwali mengi yanasema maji ya nyuzi 25 hushika oksijeni miligramu 8.2 kwa lita. Hiyo ni usawa wa bahari. Usa River iko karibu mita 1,200 juu, shinikizo la hewa ni pungufu, na maji yale yale hapa yanashika karibu 7.1 tu, hata ukikoroga vipi. Tunaanza na akiba ndogo kuliko mtu wa Tanga. Chini ya 3 saladi hudumaa, na mizizi iliyokosa hewa ndiyo mlango wa Pythium, ule uozo wa kahawia unaofanya mzizi uchunike kama soksi ukiuvuta. Kwa hiyo maji ya baridi ni mali. Vibao vyeupe juu, tangi chini ya kivuli, bomba lisipite juani.

Bwawa la majaribio lilifika 4 kabla giza halijaingia. Tukawasha. Betri ya pili itanunuliwa.

Julai

Baridi. Mawingu yanakaa juu ya Meru hadi saa sita mchana, usiku joto linashuka hadi nyuzi 12. Saladi ambayo Machi ilikuwa tayari baada ya wiki tano na kidogo, sasa inataka karibu saba. Kule Cornell wangewasha taa, kwa kuwa wanalenga mwanga wa moli 17 kwa mita ya mraba kwa siku, jua likipunguza wao wanajazia. Sisi hatuwashi taa na sina mpango huo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State mwaka 2015 walilinganisha saladi ya shambani huko Yuma, Marekani, na ya bila udongo bandani. Bandani maji yalikuwa lita 20 kwa kilo dhidi ya 250, na mavuno kilo 41 kwa mita ya mraba kwa mwaka dhidi ya 3.9. Wengi huishia kunukuu hapo. Lakini nishati ilikuwa mara 82 zaidi, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kupasha na kupoza banda. Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, hatupashi joto Julai na Februari tunafungua uwazi wa juu tu. Faida ya mahali hapa ni hiyo. Anayekuja na ramani ya banda la Ulaya, na mashine zake zote, anainunua shida ambayo Mungu hakutupa.

Vidukari vimeonekana kona ya kaskazini. Mitego ya njano yenye gundi, majani yaliyoathirika yametolewa, basi. Hiki ni chakula kinacholiwa kibichi, sipulizi.

Agosti

Msimu umefunguka. Magari ya watalii yanaondoka mjini alfajiri na kila gari lina maboksi ya chakula cha mchana. Mpishi mmoja wa hoteli ya mjini alikuja mwenyewe, akakata jani, akalitafuna, akavuta mizizi akaitazama. "Dada, hii ukiniletea na mizizi yake naipeleka hadi porini ikiwa hai." Ndivyo tunavyofanya sasa: mzizi umekunjwa chini ya kichwa, umefungwa na unyevu wake, ndani ya kreti za plastiki. Saladi yenye mzizi inavumilia barabara ya Karatu na ng'ambo yake kuliko iliyokatwa.

Alichouliza zaidi si bei. Aliuliza maji yanatoka wapi. Wapishi wa mji huu wanajua bustani zinazomwagiliwa na mito inayopita katikati ya makazi, Themi ikiwemo, na wanaogopa tumbo la mgeni. Nilimwonyesha karatasi za maabara, zote, pamoja na ile ya sodiamu 180. Akazipiga picha.

Septemba, mwisho

Tangi la mvua limekauka. Tumerudi kisima kitupu, tindikali imepanda tena, sodiamu ya bwawa imefika 140 na inakwenda juu. Batavia zimeanza kuonyesha mstari wa kahawia, mdogo, licha ya feni.

Oktoba, wiki ya kwanza

Hesabu ya tangi. Kiangazi kutoka Juni hadi Oktoba tunajazia kati ya lita 250 na 300 siku za jua. Nusu yake iwe mvua, yaani takriban lita 150 kwa siku, jumla lita 22,500 hadi vuli ifike. Masika ikileta milimita 400 tu, na tukihesabu asilimia 85 ndiyo inayofika kwenye mifereji, paa linatupa zaidi ya lita 81,000. Mvua inatosha na kubaki. Tuliyokosa ni mahali pa kuiweka.

Matangi mawili zaidi ya lita 10,000 ni ghali. Shimo la kuchimba, lenye turubai zito la bwawa na kifuniko cheusi kuzuia mwani na mbu, linatoka nafuu na linabeba lita 40,000. Shangazi, mwenye shamba, ameridhia tuchimbe nyuma ya banda, upande wa mteremko, ili maji ya mifereji yashuke yenyewe bila pampu.

Wachimbaji wanaanza Jumatatu. Paa linaoshwa kwanza, maana vumbi la kiangazi limelala juu ya nailoni na linakula mwanga. Mifereji itawekewa bomba la kumwagia pembeni, ili mvua ya kwanza ya Novemba, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, ipotee shambani kabla hatujafungulia shimo. Trei za Batavia zimesimamishwa hadi hapo, nafasi yake tunasia Lollo Rossa ambayo haifungi kichwa, na mpishi amekubali kubadilishiwa.